UZI: Mtandao ukizeeka, mtaa unabaki na nani?

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia kuna sentensi mbili lazima uzisikie kwenye mijadala ya runinga na redio. Ya kwanza: "Hao ni watu wa mitandao tu, mashinani hawapo." Ya pili inatoka upande wa pili: "Mtandao ndio mashinani ya siku hizi, wazee hawajaelewa." Leo simtaji mwanasiasa yeyote wala chama chochote. Nataka tupitie historia, kwa sababu nimewahi kuamini sentensi zote mbili kwa nyakati tofauti, na zote mbili ziliniangusha. Uzi ni mrefu, kwa hivyo chukua chai ukae.

2/ Wacha nianze na kwetu. Nilikuwa mmoja wa maadmini watatu wa grupu ya mtaa wetu huku Eastlands, kando ya mto. Tulianza 2013 tukiwa watu kama arobaini. Kufikia 2017 tulikuwa zaidi ya 6,000. Kila kitu kilipita pale: maji yamepotea siku ya nne, mtoto wa nguo za bluu ameonekana stegi, nani anajua fundi wa choo, mchango wa matanga ya mama wa kona. Halafu kulikuwa na jambo moja kubwa kuliko yote hayo: kikao cha kaunti cha kujadili bajeti kiko lini na wapi.

3/ Kwa nini hicho kikao ni kikubwa? Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya pesa za umma. Kwa hivyo kaunti lazima iite watu kabla ya kupitisha bajeti. Tangazo linawekwa gazetini, na gazeti mtaani kwetu hakuna anayenunua. Grupu ndiyo ilikuwa gazeti letu. Mwaka 2016 tulijaa ukumbini mpaka wengine wakasikilizia dirishani, na ndivyo tulivyopata daraja la miguu la kuvuka mto. Niliringa sana siku hiyo. Nilisema: baraza la chifu limekwisha, sasa baraza liko mfukoni.

4/ Kisha vitu vikaanza kulegea, polepole. Kuanzia 2018 hivi ulikuwa unaweka tangazo, na badala ya watu elfu kuliona, wanaliona themanini. Mwaka 2021 akaunti ya admini mkuu ikaibwa. Kesho yake grupu ya mtaa ikawa inauza viatu na "kazi za ughaibuni". Tuliandika malalamiko kwa wenye mtandao, mara tano, mara sita. Kimya. Ndani ya mwezi mmoja watu wakajitoa au wakaacha kuangalia.

5/ Mwaka huo huo kikao cha bajeti kilikuwa na suala la mitaro ya maji ya mvua. Tulifika watu tisa. Wa mtaa jirani walijaa. Pesa za mitaro zikaenda kwao, na sina wa kumlaumu, kwa sababu wao walikuwepo na sisi hatukuwepo. Nilitoka pale nikajiuliza swali ambalo bado linaniuma: kwa miaka minane nilikuwa na watu 6,000, mbona sikuwa na namba ya simu ya hata mia moja? Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya namna Wakenya walivyojipanga kabla yetu.

6/ Turudi 1992. Tarehe 28 Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona moja ya Uhuru Park, Nairobi, wakaanza kugoma kula wakitaka wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo, jambo ambalo kwa mila zetu ni laana nzito. Ile kona mpaka leo inaitwa Freedom Corner. Baadaye walihamia kanisa kuu la All Saints pale karibu, wakakaa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wengi wa wafungwa hao walikuwa wametoka.

7/ Hakukuwa na simu ya mkononi wakati huo. Redio ilikuwa mikononi mwa serikali. Sasa habari ilifikaje vijijini walikotoka baadhi ya akina mama? Kwa kanisa, kwa matatu, kwa vikundi vya akina mama, kwa barua iliyotumwa na mtu anayesafiri. Na angalia jambo hili: walipofurushwa bustanini, harakati haikufa. Mahali pao paligeuka, wao wenyewe hawakutawanyika, kwa sababu walijuana kwa majina na kwa shida walizokuwa nazo.

8/ Mfano wa pili uko katikati ya jiji, Jeevanjee Gardens. A.M. Jeevanjee aliitoa bustani ile kwa wananchi mwaka 1906. Mwaka 1991 kukawa na mpango wa kuigeuza iwe maegesho ya magari na maduka. Watu wakapinga, na wajukuu wa Jeevanjee wakiwa mbele, na mpango ukaanguka. Baadaye Bunge la Mwananchi likapiga kambi pale: watu wa kawaida, wengi hawana kazi, wanajadili unga na katiba kwenye viti vya saruji. Bustani ilikuwa mali ya umma, na ndiyo maana mwananchi alikuwa na mguu wa kusimama alipotaka kuitetea.

9/ Shika hilo neno, mali ya umma, tutalirudia.

10/ Lakini tusipambe zamani. Njia zile zilikuwa za polepole na za hatari. Kipeperushi kikikutwa mfukoni mwako ungeweza kulala seli. Mtu wa Turkana au Kwale alisikia mambo yakiwa yamepoa. Na kikundi kilichotegemea padri mmoja au chifu mmoja kilikwama siku mtu huyo alipotishwa. Kwa hivyo simu ya mkononi ilipofika, watu hawakuikimbilia kwa ujinga. Ilitatua shida ya kweli.

11/ Halafu tukafika mwisho wa 2007. Tarehe 30 Desemba, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakabaki na SMS. Tulio na umri tunakumbuka zile jumbe: nyingine za kuuliza "mko salama?", nyingine za sumu ambazo hata leo siwezi kuziandika hapa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilizungumzia chuki iliyosambazwa kwa baadhi ya redio za lugha za mama na kwa SMS. Chombo kimoja kikatumiwa kuokoa jirani na kumchoma jirani.

12/ Januari 2008 kulitokea mambo mawili ambayo yangepaswa kufundishwa shuleni. Mashada, mojawapo ya kumbi kubwa za Wakenya mtandaoni wakati huo, ilifungiwa mijadala na mwenyewe kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamezidi. Wakati huo huo kikundi kidogo cha Wakenya wanaojua kompyuta, mwenye Mashada akiwa mmoja wao, kilitengeneza Ushahidi, ramani ambayo mtu wa kawaida angetuma habari kwamba hapa kuna vurugu, hapa kuna msaada. Ushahidi ikaja kutumika nchi nyingi duniani.

13/ Somo ninalolipata hapo ni kwamba ukumbi ulikufa lakini watu waliokuwa wanafahamiana waliweza kujenga chombo kingine ndani ya siku chache. Hawakuanza kutafutana. Tayari walikuwa na anwani za wenzao.

14/ Sasa njoo Nakuru. Chifu wa Lanet Umoja alianza kutumia Twitter kuongoza lokesheni yake, na mapema 2012 habari zake zikaenea dunia nzima. Alfajiri moja alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika Twitter, na ndani ya dakika chache majirani wakawa nje ya nyumba hiyo, wezi wakatoroka. Kondoo akipotea, anaandika. Mkutano ukiwepo, anaandika.

15/ Lakini wakulima wa Lanet wengi hawakuwa na simu za kupapasa. Walikuwa na kabambe, mulika mwizi. Siri ilikuwa hii: wakati huo mtu angeweza kupokea maneno ya Twitter kama SMS ya kawaida, bila bando wala akaunti. Mlango huo mdogo ndio uliofanya mtandao wa watu wa mjini uwe chombo cha mashinani.

16/ Aprili 2020, Twitter ilifunga huduma ya SMS katika nchi nyingi duniani, ikisema ni kwa sababu za usalama. Hakuna aliyepiga kura, na hakuna mkulima aliyeulizwa. Kwa mtu wa Nairobi mwenye Wi-Fi haikuwa hata habari. Ile njia ya mwenye kabambe ikazimika. Nikisema mtandao umezeeka au umedhoofika, simaanishi lazima ufungwe. Mara nyingi jina linabaki, rangi zinabaki, ila mlango uliokuwa unawaingiza watu wako unafungwa kimyakimya.

17/ Katikati hapo tulikuwa na miaka ya mavuno. Novemba 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani na wahuni mjini, wanawake waliokuwa wanajadili mambo ya watoto na yaya kwenye grupu ya Facebook ya Kilimani Mums waliitisha maandamano, na mnamo tarehe 17 wakajaa barabarani chini ya hashtegi #MyDressMyChoice. Kabla mwaka haujaisha sheria ilirekebishwa ili kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwe kosa linalotajwa waziwazi.

18/ Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliandamana kudai uwanja wao ulionyakuliwa na kuzungushiwa ukuta. Walirushiwa vitoa machozi, watoto wa sare. Picha zikazunguka dunia kwa #OccupyPlayGround, na uwanja ukarudi shuleni. Wengi tunaikumbuka kama ushindi wa hashtegi. Mimi naikumbuka pia kama ushindi wa ukuta: kulikuwa na ukuta wa kusukuma, watoto waliokuwa wanachezea pale jana yake, na wazazi waliojua mpaka wa shule uko wapi. Hashtegi ilileta macho ya dunia mahali ambapo watu tayari walikuwepo.

19/ Sasa tuangalie udhaifu ulivyoingia. Haukuja siku moja, na haukuja kwa njia moja. Nimeipanga hivi.

Kwanza, mwenye mtandao anabadilisha nani aone nini. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za marafiki na familia kuliko za kurasa za umma. Kwa mtu wa kawaida ni jambo zuri. Kwa ukurasa wa kikundi cha kijamii kisicho na pesa za matangazo, ni kama chifu apige mbiu halafu mtu azibe masikio ya kijiji.

20/ Pili, dawa ya ugonjwa mmoja inaleta mwingine. Aprili 2020, wakati wa korona, WhatsApp iliweka kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi unaweza kupelekwa kwenye chati moja tu kwa wakati mmoja. Ilikuwa kupunguza uvumi, na mimi naiunga mkono. Lakini tangazo la kweli la kikao cha mitaro linasafiri kwa njia ile ile ya uvumi, na likapunguzwa mwendo vile vile.

21/ Tatu, kelele za kulipiwa. Mwaka 2021 ripoti ya Mozilla Foundation ilieleza jinsi Wakenya walivyokuwa wakilipwa takriban dola 10 hadi 15 kusukuma hashtegi za kushambulia majaji na wanaharakati. Si pesa nyingi, lakini kwa kijana asiye na kazi ni chakula cha siku kadhaa. Matokeo yake? Ukiona jambo limeshika namba moja leo, hujui kama ni kilio cha watu au ni kibarua cha watu. Mtu mwaminifu anaanza kunyamaza. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu mtaa ukiacha kuaminiana mtandaoni, huwezi kuurudisha kwa kubadilisha mtandao.

22/ Nne, wanaofagia wanaondolewa. Mwishoni mwa 2022 Twitter ilipata mmiliki mpya, na Novemba karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Accra, iliyokuwa ya kwanza Afrika, wakaachishwa kazi. Februari 2023 ikatangaza kwamba data yake haitapatikana tena bure kama zamani, na miradi midogo ya kufuatilia mafuriko, foleni au ghasia ikajikuna kichwa. Januari 2023, hapa hapa Nairobi, kampuni ya Sama ilitangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, na zaidi ya wafanyakazi 180 wakaenda mahakamani. Agosti 2024 Meta ikafunga CrowdTangle, chombo ambacho waandishi na waangalizi walikitumia kuona ni nini kinasambaa.

23/ Tano, serikali na mfuko wako. Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilizimwa au kutatizwa nchini, sababu ikitajwa kuwa ni kuzuia wizi wa mtihani. Aliyekuwa anauza karatasi feki alizuiwa, na kikundi cha wakulima kilichojipanga huko kilizuiwa pia. Na usisahau kodi: ushuru wa bidhaa kwa simu na data ulipanda hadi asilimia 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, na Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka uende tena 20. Kwa anayelipwa kwa siku, hiyo ndiyo tofauti ya kuwa kikaoni na kutokuwepo.

24/ Hapo najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Mbona Juni 2024 basi?" Swali zuri. Juni 2024 ndiyo hoja kubwa ya wanaosema mtandao ni mashinani. Vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwenye TikTok kwa lugha za mama. Kwenye X walijaza vyumba vya mazungumzo usiku kucha. Walishusha Zello, programu ya kuongea kama redio ya upepo, waelekezane barabarani. Maandamano yakafika kaunti zaidi ya 30, mpaka miji ambayo watu walizoea kusema haiandamani. Tarehe 26 Juni rais akasema hatatia saini mswada.

25/ Lakini tazama tarehe 25. Siku moja kabla, mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuzima intaneti. Mchana wa tarehe 25, watu wakiwa barabarani na Bunge likiwa limevamiwa, intaneti ikayumba nchini. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Sitaingia kwenye ubishi wa sababu. Ninachouliza ni hiki: saa zile mtandao ulipoyumba, ni nini kilichoendelea kufanya kazi?

26/ Madaktari na wauguzi wa kujitolea waliendelea kufanya kazi, kwa sababu walikuwa na vituo na kila mtu alijua nani yuko wapi. Mawakili wa kujitolea wakaendelea kuzunguka vituo vya polisi. M-Pesa ikaendelea kuleta michango ya hospitali na mazishi. Vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare kilichoanzishwa 2014, vilikuwa na mlango ambao mama anayemtafuta mwanawe angebisha. Zaidi ya watu 50 waliuawa katika wiki zile, kwa hesabu ya tume ya kitaifa ya haki za binadamu. Majina hayo yalikusanywa na watu waliokwenda mochari na nyumbani kwa wafiwa, kalamu mkononi.

27/ Kwa hivyo jibu langu kwa ile sentensi ya kwanza, "hao ni watu wa mitandao tu": si kweli, na 1992, 2008, 2015 na 2024 zinaonyesha kwamba chombo chochote kilichopo, kanisa, SMS au hashtegi, mwananchi atakitumia. Wanjiku hana chombo cha kudumu. Anashika kilichopo.

28/ Na jibu langu kwa ya pili, "mtandao ndio mashinani": hapana. Jeevanjee ilipotaka kunyakuliwa, watu waliweza kusema "hii ni yetu". Ukurasa wako wa mtandaoni huwezi kuusema hivyo. Umepewa kiti kwenye baraza la mtu mwingine. Siku mwenye nyumba akihama, akiuza, au akizima taa, unatoka na kile ulichoshika mkononi tu. Kwetu, mwaka 2021, nilitoka mikono mitupu.

29/ Basi tulifanya nini? Mama mmoja wa kuuza mboga, ambaye hajawahi kuwa kwenye grupu yetu hata siku moja, ndiye aliyenifundisha. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama tangu miaka ya tisini. Aliniuliza, "Kijana, hao watu wako elfu sita, wanaishi ploti gani?" Sikujua. Akafungua daftari lake la mistari: jina, ploti, namba ya simu, namba ya mtu wa kupigiwa akikosekana, na nani anamjua nani. Watu 32. Akasema, "Hawa nikiwaita saa nane usiku, wanakuja."

30/ Tukaanza upya kwa mtindo wake. Kila ploti mtu mmoja, kila mtu mmoja anapigia watano. Daftari mbili, nyumba mbili tofauti. Kikao cha kukutana ana kwa ana Jumapili ya kwanza ya mwezi, hata kama hakuna ajenda. Grupu za mtandaoni bado tunazo, na tunazipenda, lakini kazi yake ni kutangaza. Kwa miaka miwili tulifika kaya 410. Kutoka watu 6,000 mpaka kaya 410, naona watu wakinicheka. Sawa.

31/ Aprili 2024 mvua ikanyesha kama mnavyokumbuka. Mitaro ile tuliyoikosa 2021 haikuwepo. Usiku mmoja mto ukapanda, stima ikapotea, na mtandao ukawa wa kusuasua. Saa tisa kasoro usiku mzee wa ploti ya chini alipigia watano wake kwa simu ya kawaida, nao wakapiga. Waliokosa kredo walikimbia wakigonga mabati. Tulipoteza nyumba, magodoro, vitabu vya watoto na mbuzi. Asubuhi tulifungua daftari tukaita majina, ploti kwa ploti. Kila mtu aliitikia. Sehemu nyingine za jiji hili hazikuwa na bahati hiyo, na nasema bahati kwa makusudi, kwa sababu maji yangeweza kuja kwa kasi zaidi.

32/ Sisemi daftari ni dawa ya kila kitu. Orodha ya watu ni kitu cha hatari pia. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kila uchaguzi kuna mtu atakuja na bahasha akitaka "ile listi yenu ya mtaa". Sisi tuliwekeana sheria: daftari haliuzwi, halipigwi picha, na anayeomba kuona anaambiwa aje kikao cha Jumapili aseme hadharani anaitaka ya nini. Mpaka leo wameomba watatu. Hakuna aliyekuja Jumapili.

33/ Kwa hivyo mara nyingine ukisikia mjadala huu kwenye runinga, usiulize tu nani ana wafuasi wangapi. Muulize anayedai kusema kwa niaba ya mashinani: ukizimiwa simu leo, utawafikia watu wangapi kufikia kesho asubuhi, na kupitia kwa nani? Ukiwa admini wa grupu yoyote, ya mtaa, ya wazazi wa shule, ya bodaboda, jiulize wewe mwenyewe kwanza. Mimi nilipoulizwa 2021, jibu lilikuwa aibu.

34/ Kikao cha bajeti cha kaunti kinakuja tena na mitaro bado hatujapata. Safari hii hatutakuwa tisa. Kama mtaani kwenu mna mtindo wenu wa kushikana grupu ikianguka, andika hapo chini, nitausoma Jumapili mbele ya watu. Na kama una mzazi aliyekuwa kwenye chama cha zamani, muombe akuonyeshe daftari lake kabla halijaliwa na mchwa.

Mwisho wa uzi.